Gari la Kusukumwa ni la Mchana



Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome sehemu mbili. Ya kwanza ni Yohane 5:1–9, habari ya mgonjwa wa birika la Bethzatha. Ya pili ni Marko 2:1–12, yule aliyepooza ambaye wenzake walitoboa paa ili wamfikishe kwa Yesu. Dakika tano zinatosha. Ukimaliza, rudi hapa.

Umesoma? Haya. Leo tutafakari juu ya neema ya Mungu na Sakramenti ya Kitubio, na nitatumia kitu ambacho wengi wetu tunakijua kwa sauti yake tu: stata ya gari. Najua wapo watakaosema, "Frateri naye, amemaliza falsafa sasa amehamia gereji." Vumilia kidogo. Bwana wetu alifundisha kwa chachu, wavu, taa na mbegu. Angepita Handeni leo, sidhani kama angeliacha gari la parokia bila kulitolea mfano.

Dawa ya mteremko

Parokia ninapofanya mwaka wangu wa kichungaji, huku Handeni, ina gari moja la dizeli. Lina umri mkubwa kuliko mimi. Limebeba mahindi, saruji, wanakwaya, wagonjwa na majeneza, na mara nyingi limembeba Yesu mwenyewe katika Ekaristi kwenda vigangoni. Injini yake bado ina nguvu. Lakini kwa miezi kadhaa lilikuwa na ugonjwa mmoja: ukizungusha ufunguo unasikia "tak!" moja, basi. Injini haizunguki kabisa.

Dawa yetu ilikuwa mteremko. Gari lilikuwa linaegeshwa pembeni mwa kanisa, kichwa kikitazama chini. Wakati wa safari vijana watano sita wanasukuma. Dereva ameweka gia namba mbili na kukanyaga klachi. Gari likishika mwendo anaiachia, magurudumu yanaizungusha injini, moshi mweusi unatoka, limewaka. Watu wanapiga makofi. Ikawa sehemu ya Jumapili yetu, yaani baada ya matangazo kuna kusukuma gari. Watoto walikuwa wanaisubiri hiyo kuliko mahubiri.

Na kwa kuwa lilikuwa linawaka, hakuna aliyeliita bovu.

Kisha ikaja simu ya saa saba usiku. Kigango cha mbali, bibi mgonjwa, hali mbaya, anaomba padre. Nyumbani tulikuwa watatu: Baba Paroko, mlinzi ambaye ni mtu mzima sana, na mimi. Mvua ilikuwa imenyesha jioni, chini ni utelezi mtupu. Baba akashika usukani, mimi na mlinzi tukasukuma. Halikuwaka. Mteremko ukaisha, gari limesimama kule chini, na hakuna mteremko mwingine. Tukamwamsha jirani, naye akawaamsha wanawe. Mpaka linakubali kuwaka, ilikuwa imepita karibu saa nzima.

Namshukuru Mungu, tulimkuta bibi akiwa hai na akili zake timamu. Aliungama, akapokea Mpako wa Wagonjwa na Komunyo Takatifu. Siku ya pili yake akafariki. Tulipokuwa njiani kurudi Baba Paroko hakusema mengi. Alisema tu, "Frateri, gari la kusukumwa ni la mchana."

Naomba uishike hiyo sentensi. Mchana watu wapo, mikono ipo, makofi yapo. Usiku unabaki wewe na ufunguo.

Sasa tuangalie imani yetu. Wengi wetu tunawaka kwa kusukumwa. Ukifika mkesha, tunawaka. Kongamano la VIWAWA, tunawaka. Pasaka ya TYCS au mafungo ya TMCS chuoni, tunatoka tunalia na kukumbatiana. Hayo yote ni mazuri, na nitarudi kuyatetea. Lakini jiulize: Jumanne saa tano usiku uko chumbani peke yako, simu mkononi, kwaya haipo, mwalimu wa dini hayupo, rafiki wa sala amelala. Hakuna mteremko. Ukizungusha ufunguo hapo, unasikia nini?

Injini haijianzishi

Niruhusu dakika mbili za darasani. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche hiyo. Huvuta hewa na kuibana mpaka inabaki karibu sehemu moja ya 20 ya nafasi iliyokuwa nayo. Hewa hiyo hupata joto kali, na mafuta yakipulizwa humo yanawaka yenyewe. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifanikisha injini ya namna hii mwaka 1897. Moto unazaliwa kwa kubanwa tu! Ila kuna sharti. Ili injini ibane hewa, lazima iwe inazunguka. Na ili izunguke kwa nguvu zake, lazima iwe imeshawaka. Umeona mtego? Injini inayovuta tani nzima za mahindi haiwezi kujipa mzunguko wake wa kwanza. Mzunguko huo lazima utoke nje yake.

Zamani ulitoka kwenye mkono wa mtu aliyezungusha hendeli ya chuma mbele ya gari, na injini ikirusha nyuma ghafla, hendeli ilivunja mikono ya watu. Stata ya umeme aliyoibuni Mmarekani Charles Kettering iliingia kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Stata ni mota ya umeme, na mara nyingi imekaa chini pale injini inapokutana na gia boksi. Ukizungusha ufunguo, umeme mdogo unaamsha swichi kubwa iitwayo solenoidi. Solenoidi inafanya kazi mbili: inasogeza kigia kidogo kikamate meno ya flaiwili, na inakutanisha vipande vya shaba ili umeme mkubwa wa betri uingie kwenye mota. Injini inazungushwa, inawaka, kigia kinarudi mahali pake.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba kila kinachosogea kinasogezwa na kingine, na kwa njia hiyo akaonyesha kuwa Mungu yupo. Wengi wanaosoma falsafa wanaikumbuka hiyo kwa ajili ya mtihani. Lakini katika kitabu hichohicho, Summa Theologiae, Tomaso anauliza swali linalotuhusu zaidi usiku ule wa Jumanne: je, mtu anaweza kujiandaa kupokea neema kwa nguvu zake mwenyewe, pasipo msaada wa Mungu? Anajibu kwamba hawezi. Hata hatua ya kwanza ya kumgeukia Mungu inaanzishwa na Mungu. Maaskofu waliokutana Orange, Ufaransa, mwaka 529, walikuwa wameshafundisha kwamba hata mwanzo wa imani ni zawadi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2001, inasema maandalizi yenyewe ya kuipokea neema tayari ni kazi ya neema. Na ukisoma Yohane 6:44, Bwana anatuambia kwamba hakuna anayekuja kwake asipovutwa na Baba.

Hii maana yake nini kwako? Ile aibu unayoisikia baada ya dhambi, ile hamu ya kusali inayokujia ghafla ukiwa kwenye basi, lile wazo la "nitaenda kuungama" ambalo umelifukuza mara nyingi na bado linarudi, hukujitengenezea mwenyewe. Mungu ameshaanza. Hata ile "tak!" ni yake.

Ndiyo maana sipendi kijana aseme, "Frateri, mimi Mungu ameniacha, sisikii kitu." Mara nyingi anasikia. Anachokisikia ni "tak!", na "tak!" ni dalili kwamba betri iko hai.

Tulichokiona Korogwe

Wiki ile ile tulilisukuma gari, tukaenda Korogwe. Kutoka Handeni ni kilomita 65 za lami, na hatukuizima injini njia nzima. Korogwe, kama unavyoujua, ni mji wa kando ya Mto Pangani, chini ya Milima ya Usambara, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Magari yanayopita ni mengi, na mafundi wazoefu wapo. Wetu ni mzee wa Kiislamu, mtu wa maneno machache. Tulikuwa na dereva, na kijana mmoja wa kwaya anayependa ufundi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Frateri. Ugonjwa uko wapi?"

Dereva akaeleza. Fundi hakuingia chini ya gari. Alisema ziwashwe taa kubwa, kisha uzungushwe ufunguo. "Tak!" Yeye alikuwa anaangalia taa. Hazikufifia hata kidogo. Akachukua mita akapima betri: volti 12.6, imejaa. Akatingisha kichwa. "Betri haina kosa. Umeme unafika mlangoni, hauingii ndani."

Akatufafanulia. Taa zikififia sana unapozungusha ufunguo, shaka betri, au mota iliyokwama. Lakini zikibaki vilevile na umesikia "tak!", maana yake umeme mkubwa hautumiki kabisa, unafika kwenye solenoidi na kuishia hapo. Huku nyumbani watu wengi walikuwa wametushauri tununue betri mpya. Ingekuwa pesa ya waamini imepotea, na "tak!" ingeendelea.

Kisha kazi ikaanza, na hapa nisikilize vizuri, maana kila hatua ina mafundisho.

Kabla ya kitu chochote, fundi alitoa waya wa betri upande wa hasi. Alisema ule waya mnene unaotoka betri kwenda stata una umeme saa zote, na kwa kawaida hauna fyuzi. Spana ikiugusa huku inagusa bodi, ni cheche na moto. Wa pili, gari lilinyanyuliwa kwa jeki, likawekewa stendi za chuma, na magurudumu yakazuiwa kwa mawe. Hakuna mtu aliyeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Halafu stata yenyewe. Bolti ya chini unaiona. Ya juu huioni. Imejificha kati ya injini na bodi, juu yake kuna mabomba, pembeni kuna kikingio cha joto, na kote kumegandiana tope na oili ya miaka mingi. Ilibidi kutoa bomba la hewa, kutoa kishikizo kimoja, kutoa kikingio. Saa nzima tulikuwa tunafungua vitu ambavyo havina ubovu wowote, ili tu tuufikie ubovu ulipo. Fundi akapuliza dawa ya kulegeza kutu, akasema, "Sasa tunaiacha inywe." Akaenda kuswali adhuhuri. Sisi tukasali Malaika wa Bwana pale kivulini.

Aliporudi, mkono wake haukupita. Wa dereva pia. Ukapita wa yule kijana, mwembamba. Fundi akaunganisha fimbo mbili za soketi na kiungo cha kukunja katikati, akamwelekeza kwa sauti: "Usiitafute kwa macho. Papasa. Umeisikia kona? Hakikisha soketi imekaa yote. Sasa usilazimishe, bonyeza polepole. Ikikatikia humo ndani tutashusha gia boksi." Kijana alifumba macho. Jasho linamtoka. Mara tukasikia mlio mdogo mkavu. Bolti ilikuwa imeachia.

Stata ya dizeli ni nzito, ilibidi ipokewe kwa mikono miwili. Fundi aliifungua juu ya meza akatuonyesha. Vile vipande vya shaba ndani ya solenoidi vimeliwa, kimoja kimebaki chembamba kama ukucha. Kaboni za mota zimeisha. Ndani pamechubuka. Akasema, kila ukiwasha gari kuna cheche ndogo pale shaba zinapogusana, na kila cheche inakula kidogo. Huoni kitu. Gari linawaka leo, linawaka kesho. Siku moja linagoma mara moja, ukijaribu tena linakubali, unasahau. Halafu linagoma mara mbili.

Kwa kuwa mota nayo ilikuwa imechoka, tukatafuta stata nyingine. Fundi alizilinganisha mbele yetu: meno ya kigia yawe idadi ile ile, matundu ya bolti yalingane, na iwe ya volti 12, isiwe ya 24. Alisugua mpaka ikang'aa sehemu stata inapokalia, kwa sababu umeme unarudi betri kupitia chuma hicho. Akafunga, akarudisha kila kilichotolewa, na wa mwisho ukawa waya wa hasi. Akampa dereva ufunguo. Gari likawaka kwa mzunguko mmoja, pale pale kwenye tambarare, na sisi tukiwa tumesimama mikono mitupu.

Mtu wa miaka 38

Sasa rudi kwa Yohane 5. Yule mgonjwa alikuwa na miaka 38 katika hali ile. Yesu anamwuliza kama anataka kupona. Ni swali la ajabu kumwuliza mgonjwa, lakini angalia jibu lake. Hasemi ndiyo. Anaeleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani maji yanapotibuliwa, na kila akijaribu mwingine anamtangulia. Yaani shida yake, kwa jinsi alivyoiona, ilikuwa upungufu wa wasukumaji.

Yesu hamtafutii watu wa kumbeba mpaka majini. Anazungumza naye mwenyewe, moja kwa moja, pale alipolala, na mtu anasimama, anajitwika godoro lake. Na ukiendelea kidogo mpaka aya ya 14, Yesu anamkuta tena hekaluni na kumwonya asitende dhambi tena. Bwana hakuishia kwenye miguu. Alikwenda ndani zaidi, mahali ambapo watu waliokuwa wanapita birikani kila siku hawakuweza kupaona.

Je, basi wasukumaji ni wabaya? Ndiyo maana niliomba usome na Marko 2. Wale wanne walimbeba mwenzao, wakakuta mlango umejaa, wakapanda juu, wakatoboa paa. Na Yesu aliiona imani yao. Siwezi kuwadharau wasukumaji. Bila wao bibi yule angekufa bila Sakramenti. Kwaya, jumuiya ndogondogo, VIWAWA, rafiki anayekuamsha twende Misa, hao ni wale wanne. Lakini tazama walimpeleka wapi. Walimshusha mbele ya Yesu, kamba ikaishia hapo. Na neno la kwanza alilolipata mgonjwa lilikuwa la maondoleo ya dhambi. Wasukumaji wema wanakufikisha kwa Fundi. Ubaya unaanza pale tunaposukumana sisi kwa sisi kila Jumapili, tunapigiana makofi, na hakuna anayefika kwenye matengenezo.

Yule kijana wa mkono mwembamba ameniruhusu niandike yanayofuata, bila jina. Tukiwa tunarudi Handeni, injini inanguruma vizuri, aliniambia, "Frateri, mimi sijaungama tangu Kipaimara. Ni miaka sita." Nikamwuliza ilikuwaje, maana hakosi mkesha wala mazoezi ya kwaya. Akasema, "Si ndiyo hivyo, nasukumwa. Wakiimba naimba. Nikibaki peke yangu hakuna kitu." Kulikuwa na jambo moja, hakulitaja na sikumwuliza. Alisema tu kwamba kila akifikiria kwenda, jambo hilo liko juu kule, haliangaliki, na ameshazoea kuungama kichwani dhambi zile zinazoonekana.

Sikuwa na hotuba ya kumpa. Mimi ni frateri, siwezi kumwondolea mtu dhambi. Nilimwambia kwamba leo ameshafanya kazi hiyo kwa mkono wake, anajua inavyofanyika. Wiki mbili baadaye, Jumamosi jioni, nilimwona kwenye mstari wa kitubio. Alichosema humo ndani anakijua yeye, padre na Mungu, na padre hawezi kukitoa kwa sababu yoyote ile duniani. Soma Katekisimu namba 1467. Ninachojua ni kwamba sasa namkuta mara kwa mara kanisani siku za kawaida, peke yake, benchi la nyuma.

Wewe utafikaje?

Ukitaka kujiandaa kwa kitubio wiki hii, fuata utaratibu wa fundi wetu.

Kwanza, toa waya wa hasi. Zima simu. Nusu saa tu. Huwezi kuchunguza dhamiri huku ujumbe unaingia.

Pili, pima kabla ya kununua. Tunapenda kubadilisha betri: tunahama kikundi, tunahama parokia, tunatafuta mhubiri mwenye sauti kubwa zaidi. Omba Roho Mtakatifu akuonyeshe umeme unaishia wapi. Pengine Mungu anafika vizuri kabisa mpaka mlangoni, na kuna kitu kimoja kati yake na wewe.

Tatu, ondoa vilivyo mbele. Visingizio vingi si dhambi vyenyewe, ila vinafunika. "Niko bize na mitihani." "Padre ananifahamu." "Wengine wanafanya makubwa kuliko mimi." Fungua kimoja kimoja, kiweke pembeni. Ni kazi ya kuchosha, na inaonekana kama hujaanza. Umeshaanza.

Nne, ifikie bolti ya juu. Ile dhambi unayoizunguka kila mara. Huenda hutaiona vizuri, papasa. Itaje kwa jina lake bila hadithi ndefu. Kama ni nzito, Kanisa linatudai tuiungame walau mara moja kwa mwaka (KKK 1457), lakini kwa nini ukae na "tak!" miezi kumi na miwili? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Tano, nenda kwa fundi. Hakuna stata inayojifungua yenyewe. Majuto yako, kusudi lako la kuacha, maungamo yako na kutimiza kitubio ulichopewa ni mkono wako unaosukuma spana. Msamaha ni wa Kristo kwa njia ya padre. Na kama umekaa muda mrefu na umesahau namna ya kuanza, mwambie padre hivyo hivyo. Atakuelekeza kwa sauti.

Na baada ya hapo, angalia cheche ndogo. Sala ya asubuhi iliyorukwa leo, uongo mdogo wa kesho, picha moja ya keshokutwa. Hakuna hata moja inayozima gari siku hiyo hiyo.

Mfano unapoishia

Kila mfano una mwisho wake, na mwalimu wangu wa mantiki angenidai niuseme. Stata ikishawasha injini inajitoa, na injini inaendelea bila hiyo. Mungu hafanyi hivyo. Usije ukafikiri kwamba neema inakuanzisha halafu unajiendesha. Katika Yohane 15:5 Bwana anatufundisha kwamba pasipo yeye hatuwezi kufanya neno lolote, na Paulo anawaambia Wafilipi (2:13) kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yetu, tangu kutaka mpaka kutenda. Yeye ni mwanzo, na ni hewa, na ni mafuta, na ni njia. Tofauti ya pili: stata ya parokia ilibadilishwa kwa sababu ya kale haikufaa tena. Wewe hutupwi. Katekisimu namba 1432 inatukumbusha kwamba moyo wa mtu ni mzito na umekuwa mgumu, na Mungu humpa mtu moyo mpya. Anakutengeneza wewe huyo huyo.

Tusali.

Ee Bwana Yesu, wewe ulimfikia mgonjwa ambaye hakuwa na mtu. Tunakushukuru kwa wote wanaotusukuma kuja kwako. Fika pale tusipopaona na tusipotaka paonekane. Utupe ujasiri wa kuutaja ugonjwa wetu, na uwape mapadre wetu uvumilivu wa kutusikiliza. Ili itakapokuja saa ya usiku, ya majaribu au ya kufa, na hakuna mtu karibu, ukituita tuitike mara moja. Mtakatifu Yosefu, mfanyakazi, utuombee. Amina.

Mwombeeni na yule bibi, pumziko la milele. Na Jumamosi hii, ulizia saa za kitubio parokiani kwako.

Frateri wenu, Handeni